Kabla Hujafungua Shata kwa Nyota za Mbeya

Ukipiga nyota kwa kamera ya filamu, shata (kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia) uiache wazi dakika ngapi? Jibu halitoki kwa nyota, linatoka kwa anga lililo nyuma yake. Taa za mji humulika vumbi na moshi, na weupe ule hujilimbikiza kwenye filamu pamoja na nyota. Ukipitiliza, negativu inarudi nyeusi tititi na nyota zimemezwa humo. Basi kwanza jua unapigia wapi.

Nikiwa Soweto au Mwanjelwa, mitaa ya mjini Mbeya, na filamu ya ISO 400 (kipimo cha usikivu wake kwa mwanga) na tundu la lenzi kwenye f/2.8, naanza na dakika 2 na sivuki 4. Nikipanda njia ya Tukuyu hadi Isyonje, nikakata kuelekea uwanda wa juu wa Kitulo, mbali na taa, lenzi ileile inavumilia hata dakika 20. Ukibana tundu liwe dogo hadi f/4, muda unakuwa maradufu. Hizo ni za kuanzia tu: huko gizani piga dakika 5, kisha 10, kisha 20, na kila fremu iandike daftarini hapohapo, maana filamu haikwambii kosa lako mpaka isafishwe.

Filamu nayo huchoka. Mwanga hafifu ukiipiga muda mrefu, usikivu wake hushuka, kwa hiyo kuongeza dakika mara mbili hakukupi nyota mara mbili. Kila aina ina uchovu wake; shika moja mpaka uizoee.

Dakika hizo zinataka mtambo wa kufuata nyota, unaoizungusha kamera pamoja na anga. Kwa tripodi tupu, lenzi ya mm 50 huanza kuchora mistari baada ya sekunde 10 hivi. Tena mtambo hulengwa kwenye ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapozungukia, na hapa iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, kwa hiyo mlima ukiziba kusini, kuulenga mtambo ni kazi.

Juni na Julai ndiyo miezi yenyewe: hakuna mvua, na Nge, lile kundi la nyota, yuko juu. Baadaye mioto ya kusafisha mashamba huanza, na usiku wa moshi mimi hukata muda nusu. Chagua usiku wa mwezi mchanga, ubebe koti zito (Kitulo huwa na sakitu), kitambaa cha kufutia umande. Kamera ya zamani isiyotegemea betri ni bora, kwani ya umeme hunyonya betri muda wote shata ikiwa wazi.

Na fremu ya kwanza piga mchana, kitu chochote. Bila hiyo mkataji wa filamu kule inakosafishwa haoni fremu inaanzia wapi kwenye giza lile. Mimi Nge wangu alirudi vipande viwili.