Kabla hujaanza utafiti wa uendeshaji kwenye huduma za uzazi Kigoma: mambo ya kuzingatia

Kila mara naona timu mpya ikishuka Kigoma na vishikwambi na hamu ya kuboresha afya ya uzazi. Wengi ni vijana wetu wenyewe kutoka halmashauri. Nawaandikia ninyi, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo, na kosa nililofanya alilibeba mtu mwingine.

Kwanza ielewe kazi. Hapa hupimi dawa mpya wala huhesabu watu wa mkoa mzima. Unachukua tatizo moja la huduma, mathalani akina mama wanaoanza sindano ya uzazi wa mpango lakini hawarudi kwa ya pili. Unatafuta chanzo, unabadilisha jambo moja ambalo kituo kinalimudu, kisha unapima. Swali likizidi sentensi moja, lipunguze. Na kabla hujaliandika, muulize mganga mfawidhi na mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya: nikikuleteeni jibu, mtalifanyia nini? Wakikosa la kusema, tafuta swali jingine.

Vibali: cha maadili kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, barua ya mkoa, ya halmashauri, na umwone mtendaji wa kijiji. Usipande boti bila karatasi hizo.

Majaketi ya kuokolea, kila mtu na lake. Juni hadi Agosti upepo wa kusini unaweza kukulaza kijijini siku mbili, kwa hiyo beba na hela ya kula.

Wasaili wajue Kiha. Mwanamke hatakueleza habari za kitanzi huku anayemtafsiria ni shemeji yake.

Ingia stoo kabla hujaingia kijijini. Kitabu cha 8 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya, kinakuonyesha waliopata huduma ya uzazi wa mpango. Aliyetembea saa mbili akakuta vipandikizi vimekwisha, akageuza, humo hayumo. Linganisha kitabu na leja ya dawa, kisha ukaitazame rafu kwa macho yako. Kuhamasisha watu waje kwenye rafu tupu ni kuwafundisha wasirudi.

Sasa hili lisome polepole: kalenda ya Ziwa Tanganyika.

Tulikuwa kijiji kimoja cha mwambao, kusini mwa Ujiji. Akina mama walilalamika kwamba kliniki ya uzazi wa mpango ya asubuhi inagongana na shughuli zao, tukaihamishia saa nane mchana. Tulihesabu waliohudhuria kwa wiki mbili kabla ya kuhamisha, tukahesabu wiki mbili baada yake. Idadi ikakaribia kuwa maradufu. Ripoti niliiandika mwenyewe, nikaiwasilisha kikaoni wilayani, na ratiba ya mchana ikapelekwa zahanati nyingine za mwambao.

Katika timu nzima hakuna aliyetazama mbingu usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa, maana hufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea taa haifui dafu, mitumbwi inapandishwa mchangani na mwalo unatulia. Wiki zetu za kwanza ziliangukia giza, za pili zikaangukia mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri. Mama ananunua, anaanika, mchana anageuza, jioni anakusanya kabla umande haujashuka. Wakati wa mbalamwezi ana nafasi, na kliniki angeikuta asubuhi au mchana angekuja tu. Ongezeko lile lilikuwa la mwezi, na sisi tukalipa jina la ratiba yetu.

Miezi mitano baadaye nilirudi. Alikuja mama mmoja, kadi yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, magamba ya dagaa yameganda pembeni. Nesi akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Sindano ile ni ya wiki 13, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchelewa hadi wiki 4. Yeye alikuwa amezivuka zote. Kipimo kikaonyesha mimba, na mgongoni alikuwa na mtoto ambaye hajaanza kusimama.

Hakufoka. Alisema, “Nilikuja asubuhi, daktari, mkanirudisha. Mchana dagaa wako juani. Nikaja siku nyingine, nikakuta foleni, mvua ikaanza, nikakimbia.” Kisha akasema kwamba nafasi yake ni saa nne mpaka saa sita, akishaanika na kabla ya kugeuza. “Mbona hamkuniuliza?”

Tulikuwa tumewauliza akina mama kama asubuhi ni mbaya. Hatukuwauliza ni saa ngapi ni nzuri, wala kipindi gani cha mwezi.

Kwa hiyo pima mzunguko mzima, giza na mbalamwezi, siku 29 au 30, kabla na baada, na msimu uwe ule ule. Mkiwa Kasulu au Kibondo, ulizeni habari za kupanda na kuvuna maharage. Wa Tabora, kwenu ni tumbaku. Na lazima pawepo kituo cha kulinganisha, kinachofanana na chako, ambacho hujakibadilisha kitu. Sisi tungekuwa nacho, mahudhurio yake nayo yangepanda mbalamwezi ile ile na tungeshtuka mapema. Navrongo, kaskazini mwa Ghana, katika miaka ya 1990 waligawa eneo lao sehemu nne: kwingine wauguzi walihamia vijijini, kwingine machifu na watu wa kujitolea walihamasisha, kwingine yote mawili kwa pamoja, na kwingine huduma ikabaki kama kawaida. Ghana ilipoamua mwaka 1999 kuueneza mpango ule nchi nzima, ilikuwa na cha kuonyesha.

Siri ya mteja nayo usiichezee. Wako wanaotumia uzazi wa mpango bila mume kujua, na simu nyingi za nyumbani ni za mume, hivyo ujumbe wa kukumbusha tarehe unaweza kumletea mtu kipigo. Majina yasitoke kituoni, tumia namba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome kabla hujapiga picha rejista.

Posho ya mradi usiimwage kwa nesi mmoja ukamwacha mwenzake. Usipime huduma siku ambayo bosi wa wilaya amekuja. Matokeo yapeleke kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuyapeleka kikaoni, maana kijijini ndiko utakakosolewa. Usibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Na tarehe ya kurudi iandike kwenye kadi mama akiwa mbele yako, kisha muulize wiki hiyo ni ya giza au ya mbalamwezi.