Kuweka tanbihi na kuandika bila kuegemea upande: kwa wahariri wapya wa Wikipedia ya Kiswahili

Makala inaweza kuwa na ukweli mtupu na bado ikafutwa, kwa sababu msomaji aliyeko Lamu au Lubumbashi hana njia ya kufika pale ulipochota habari. Kwa hiyo fungua kitabu kwanza, ndipo ufungue ukurasa wa kuhariri. Soma aya nzima, funga kitabu, andika kwa maneno yako, kisha kifungue tena uhakikishe majina na tarakimu.

Ukiwa kwenye hariri chanzo (ukurasa wa kuhariri unaoonyesha alama za msimbo), tanbihi, yaani maelezo ya chanzo, hukaa mara tu baada ya nukta au koma inayofunga dai, bila kuacha nafasi:

Sentensi yako.<ref>Jina la mwandishi, ''Jina la kitabu'', mchapishaji, mji, mwaka, uk. 112.</ref>

Mwishoni mwa makala, juu ya jamii (orodha ya makundi ambayo makala imewekwa), andika == Tanbihi == na chini yake <references />. Angalia sana mkwaju (alama ya /) katika </ref>: ukiusahau, maneno yote yanayofuata hadi tanbihi ijayo humezwa, na aya nzima hupotea machoni pa msomaji. Bonyeza hakikisho, uone ukurasa utakavyokuwa, kabla ya kuhifadhi. Chanzo kilekile ukikitumia mara ya pili, kipe jina, <ref name="sensa2022">, na baadaye andika <ref name="sensa2022" /> tu. Lakini kama ukurasa wa kitabu ni mwingine, andika tanbihi mpya. Kitabu cha kurasa 600 bila namba ya ukurasa hakimsaidii mtu.

Gazeti linahitaji mwandishi, kichwa cha habari, jina la gazeti, tarehe kamili na ukurasa. Si lazima liwe mtandaoni. Nakala ya karatasi iliyomo maktaba inatosha. Tovuti inahitaji pia tarehe uliyoisoma, na kabla ya kuitaja hifadhi nakala yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, maana tovuti hubadilishwa muundo na kiungo kikafa. Namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu, ina tarakimu 13 tangu 2007, zamani ilikuwa na 10, na vitabu vingi vya kabla ya miaka ya 1970 havina kabisa. Kama haipo, iache.

Usitumie Wikipedia yenyewe kama chanzo, wala blogu iliyonakili kutoka humo. Hapo dai linajishuhudia lenyewe. Hatari hii ni kubwa kwetu kwa sababu tunatafsiri sana. Ukitafsiri makala ya Kiingereza, usihamishe tanbihi ambayo hukuifungua ukasoma, na katika muhtasari wa uhariri taja lugha na makala uliyotafsiri, kwani leseni ya Wikipedia inadai waandishi wa kwanza watambuliwe. Simulizi za wazee nazo zina thamani kubwa, ila haziingii moja kwa moja kutoka kinywani. Tafuta tasnifu, kitabu au kumbukumbu za makumbusho zilizozirekodi.

Sasa kutoegemea upande. Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Tanzania, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mhariri mpya hujaribiwa kuchagua namba inayomgusa moyo, au kutafuta wastani, na wastani ni namba ambayo hakuna aliyewahi kuisema. Andika zote mbili, kila moja na mwenyewe na tanbihi yake. Kabla ya kuzilinganisha, soma kila chanzo kinahesabu nini: waliouawa vitani peke yao, au pia waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Msomaji akilijua hilo, ameshaelewa sehemu kubwa ya tofauti.

Jina nalo lina upande. "Uasi" ni neno la mtawala. "Mapambano matukufu ya ukombozi" ni la hotuba za jukwaani. "Vita vya Maji Maji" linatosha. Hii haina maana ya kuwapa wote uzito sawa: kama wanahistoria kumi wanakubaliana na mmoja anapinga, huyo mmoja anapata sentensi, hapati nusu ya makala.

Kiswahili chetu kina mitego yake, kwa kuwa adabu imo ndani ya lugha. Futa "Mheshimiwa", "Hayati", "mpendwa wetu". Andika "alifariki", usiandike "alitutoka" wala "Mungu amlaze pema". Hakuna anayemvunjia marehemu heshima. Ensaiklopidia haina msiba wake. Futa pia "nchi yetu" na "hapa kwetu", kwani msomaji anaweza kuwa Mkenya, Mkongo au Mwomani. Epuka "mwaka jana" na "hivi sasa", ambayo huoza haraka. Badala ya "Tanzania ina watu milioni 61", andika "Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 61,741,120 nchini Tanzania". Sentensi hiyo itabaki kweli hata baada ya sensa nyingine.

Kwa mtu aliye hai, dai baya lisilo na chanzo imara huondolewa papo hapo. Na usiandike makala kuhusu wewe mwenyewe, mwajiri wako au ndugu yako. Peleka pendekezo kwenye ukurasa wa Majadiliano, sema uhusiano wako, mwingine aandike.

Uhariri wako ukitenguliwa, usiurudishe kwa nguvu. Fungua historia ya ukurasa, soma muhtasari wa aliyetengua, kisha nenda Majadiliano ukiwa na chanzo mkononi, ukurasa na sentensi yenyewe inayounga mkono dai lako.