Namna ya Kusoma Rejesta ya Watoto Wenye Saratani Katika Tiba Shufaa

Muuguzi anayekabidhiwa rejesta ya watoto katika kituo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, nchini Uganda asianze kwa kuhesabu. Aanze kwa kusoma safu ya ugonjwa mstari kwa mstari, kwa kuwa humo ndimo makosa mengi hujificha. Atakuta mtoto wa miaka 6 ameandikiwa “uvimbe wa taya” na mwenzake “uvimbe wa tumbo”, maneno yanayotaja mahali tu. Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona katika hospitali ya Mulago, Kampala, huota tayani na huota tumboni pia. Uvimbe wa Wilms, unaoanzia kwenye figo, nao huonekana tumboni. Ukipanga kwa kiungo, utaugawa ugonjwa mmoja mara mbili na kuchanganya miwili pamoja. Tafuta barua ya rufaa na jibu la kipimo cha kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa na kuchunguzwa maabara), na pasipo na jibu andika “kwa dalili tu”. Kubahatisha ni kumdhulumu mtoto.

Kisha kokotoa umri kutokana na tarehe ya kuzaliwa, na ugawe miaka 0–4, 5–9 na 10–14. Retinoblastoma, yaani saratani ya jicho, na uvimbe wa Wilms huwapata zaidi walio chini ya miaka 5, ilhali Burkitt hujitokeza sana katika kundi linalofuata. Retinoblastoma kwa mtoto wa miaka 12 ni sababu ya kulifungua faili upya, wala si ya kuufuta mstari. Penye sarkoma ya Kaposi, saratani inayohusiana sana na VVU, hakikisha hali ya VVU imeandikwa.

Angalia pia mtoto asihesabiwe mara mbili. Aliyetibiwa Kampala hurudi kwao Mbarara na kusajiliwa upya, hivyo linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, wilaya ya nyumbani na jina la mlezi.

Sasa hesabu, lakini uwe mwangalifu unapotafsiri. Rejesta hii huonyesha watoto waliofika kwenye huduma, tena wengi wao wakiwa wamechelewa. Saratani ya damu ikionekana chache, usiseme ni adimu nchini: homa na upungufu wa damu hufanana na malaria, na mtoto anaweza kufariki kabla hajapimwa. Kwa swali la wingi katika jamii, tazama usajili wa saratani wa Kampala, unaofuatilia wakazi wa eneo la Kyadondo.

Manufaa makubwa ya rejesta, kwa maoni yangu, yako kwenye kabati la dawa. Retinoblastoma iliyokwisha kutoka nje ya jicho huacha kidonda chenye harufu inayowafukuza hata watoto wenziwe. Vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, vilivyosagwa na kunyunyizwa kidondani hupunguza harufu hiyo. Maumivu makali huhitaji mofini ya maji kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini tangu mwaka 2004, basi agiza dawa kulingana na magonjwa uliyoyahesabu.

Safu ya mwisho ni ya matokeo. Ikiwa tupu, mpigie mlezi, msalimie kwanza, na umwulize mtoto anaendeleaje. Akikujibu kwamba alishazikwa, mpe pole bila haraka, andika tarehe, kisha uliondoe jina lake kwenye orodha ya kliniki siku hiyohiyo, ili mama yule asipigiwe tena kuambiwa amlete.