Namna ya Kuandika "Siku Kama ya Leo" ya Alaska: Mfano wa Machi 27

Anayeandika makala ya "siku kama ya leo" kuhusu jimbo la Alaska aihakiki tarehe kabla ya kusimulia lolote, kwani huko tarehe huteleza. Warusi walipoikabidhi Alaska kwa Marekani mwaka 1867 kalenda nayo ilibadilishwa, hata Ijumaa ya Oktoba 6 ikafuatwa na Ijumaa nyingine, ya Oktoba 18.

Tuchukue Machi 27. Mwaka 1964 siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 9.2 liliitikisa Alaska ya kusini kwa takriban dakika nne na nusu. Usiishie kwenye ukubwa; onyesha mahali. Katika bandari ya Valdez gati liliporomoka baharini pamoja na watu wapatao 30, wengi wao wakiwa wamekwenda kuitazama meli ya Chena ikipakuliwa, na baadaye mji wote ukahamishiwa kwenye ardhi iliyo imara zaidi.

Kisha chagua saa utakayoifuata. Tetemeko lilianza saa kumi na moja na dakika 36 jioni kwa saa za Alaska (anayeandika "saa tano" kwa kuigiza saa ya Kizungu amelisogeza hadi usiku), lakini kwa saa za Greenwich ilikuwa tayari Machi 28, na ndiyo tarehe utakayoikuta katika orodha za wanasayansi wa matetemeko. Kwa kuwa unaandika historia ya jimbo, fuata saa ya waliotikiswa.

Usiitafute siku kwa jina la sikukuu inayohama. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez nayo ilipanda mwamba wa Bligh siku ya Ijumaa Kuu, mwaka 1989, lakini hiyo ilikuwa Machi 24, tena dakika chache tu baada ya saa sita usiku. Kiswahili kina maneno yake kwa hali hiyo, "usiku wa kuamkia Machi 24", nawe uyatumie.

Mwisho, angalia mipaka unapohesabu waliokufa. Mawimbi ya tetemeko lile la 1964 yaliua watu hadi Crescent City, California, baada ya saa sita usiku. Vifo hivyo vitajwe kama matokeo ya tetemeko, lakini katika kalenda viandikwe chini ya California, Machi 28.