Jenereta na sola nyumbani Malindi: namna ya kuunganisha bila kurudisha stima kwenye laini

Stima ikipotea, wapo wanaochomeka waya wenye plagi dume pande zote mbili kutoka kwenye jenereta hadi soketi ya ukutani. Umeme huo hupita kwenye mita, ukatoka nje hadi transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: zikiingia volti 240 kinyume, juu hutoka 11,000, na fundi aliye juu ya nguzo anadhani laini imekufa. Waya huo ukatwe leo hii.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli Kenya). Simama naye uyaangalie haya.

Hatua ya 1: Chenjiova, yaani swichi ya kuchagua stima ya Kenya Power au jenereta, isiwe zote kwa pamoja. Nunua ya 63 A, yenye nafasi tatu (I–0–II), inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Breka mbili zilizowekwa ubavuni si chenjiova. Iko siku mtu ataziwasha zote gizani.

Hatua ya 2: Waya. Zima meni swichi, upime kuhakikisha hakuna umeme. Waya wa kutoka kwenye mita uende I, wa jenereta II, na wa kuelekea boksi la breka utoke katikati. Upande wa Kenya Power tumia shaba ya 16 mm². Jenereta ya 5 kVA hutoa takriban 21 A, basi breka ya 20 A na waya wa 4 mm² vinatosha. Sili za mita zisiguswe.

Hatua ya 3: Ethi, yaani waya na rodi za kupeleka umeme unaovuja ardhini. Mchanga wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri. Rodi moja ya mita 1.2 mara nyingi haitoshi. Ongeza ya pili, umbali wa mita 2.4 hivi, kisha ipimwe upya. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na bodi lake la chuma, na bila kiungo hicho RCD (swichi ya kukata umeme unaovuja) ya 30 mA haiwezi kukata umeme unapovuja. Kiungwe kwenye jenereta, mahali pamoja tu. Kile kitufe cha majaribio hukagua RCD yenyewe, hakithibitishi ethi.

Hatua ya 4: Sola. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa stima) ya kusukuma umeme kwenye gridi, yaani laini ya Kenya Power, hujizima stima ikipotea. Huo ni usalama, si ubovu. Iungwe upande wa Kenya Power wa chenjiova, isikutane kamwe na jenereta: itaidhania ni laini, iisukumie umeme, volti zipande, na vyombo vya ndani viungue. Ziada usiirudishe bila mkataba na Kenya Power na mita inayosoma pande mbili.

Hatua ya 5: Jaribio. Meni ikiwa imezimwa, weka II, washa jenereta, kisha pima kwenye vituo vya I. Isome 0. Ikisoma chochote kingine, zima ukague waya upya.

Chumvi nayo inakula. Boksi liwe la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa), waya ziingie kutoka chini, na skrubu zikazwe kabla ya kusi. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, kata ncha hiyo uunge upya. Kwa walio Lamu, jenereta isiwekwe uani wala kichochoroni: kaboni monoksidi haina harufu, na nyumba zimebanana. Iwe mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, la jirani pia. Nafasi hiyo ikikosekana, weka betri badala ya jenereta.