Mkusanyaji wa sanaa hutambulika kwa maswali yake

Ukitaka kumtofautisha mkusanyaji wa sanaa mwenye mapenzi ya dhati na mnunuzi wa pambo la sebuleni, sikiliza anachouliza kabla ya bei. Katika soko la vinyago la Mwenge, mnunuzi wa pambo hutafuta kinyago cheusi kinachong'aa. Mkusanyaji hukipima kwanza mkononi, kwa kuwa mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kisha hukigeuza aangalie kitako, mahali ambapo mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu hujifichua. Kwa michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam mwaka 1968 na kuendelezwa na wengi baada ya kifo chake mwaka 1972, yeye huuliza ni mkono wa nani hasa. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote: kumjua msanii, kumtembelea mara kwa mara hata siku asiyonunua kitu, na kuandika nyuma ya picha jina lake, tarehe na mahali ilipopatikana. Anza na kazi yako ya kwanza, tena kwa penseli laini, maana wino huweza kupenya turubai.