Kabla ya kuingia shule ya uuguzi chuo kikuu: anza na yanayochelewa

Wengi hujiandaa kwa uuguzi kinyumenyume. Barua ya udahili ikifika, mbio ya kwanza ni sare, viatu na stetoskopu. Vitu hivyo hununuliwa kwa siku moja. Kinga ya mwili hainunuliwi hivyo, na ndiyo inayowakwamisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakati wenzao wameshaingia wodini.

Chukua chanjo ya homa ya ini B. Ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Baada ya hapo damu hupimwa mwezi mmoja au miwili baadaye, maana wapo watu ambao mwili wao haujengi kinga ya kutosha na hulazimika kuchanjwa tena. Hesabu mwenyewe: miezi saba au minane tangu sindano ya kwanza. Aliyesubiri barua ndipo aanze, muhula wa kwanza utamkuta bado yumo katikati. Wodi ikimkatalia, saa zake za mafunzo kwa vitendo haziandikwi, na saa hizo hazifidiwi kwa kusoma usiku.

Kipimo cha kifua kikuu cha kuchomwa kwenye ngozi nacho kina mtego wake. Uvimbe husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Ukichomwa Alhamisi mahali ambapo kliniki hufungwa Jumamosi na Jumapili, hakuna wa kukusomea. Jumatatu utaambiwa uanze upya. Nenda mwanzoni mwa wiki.

Linalofuata ni kuchagua programu, na hapa usiharakishe. Chini ya paa moja shule inaweza kuwa na shahada ya kwanza ya wanaotoka sekondari, njia fupi ya wauguzi wenye stashahada wanaojiendeleza, programu ya kasi ya watu wenye shahada za fani nyingine, kisha uzamili na uzamivu. Majina hufanana, milango haifanani. Kwenye uzamili, kwa mfano, kuna unaokutoa ukiwa mwalimu, kuna wa uongozi, na kuna wa tiba unaokuruhusu kupima na kuandika dawa pale sheria inapokubali. Huu wa mwisho una mizizi Colorado, Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya namna hiyo. Ukijiandikisha kwenye mmoja ukidhani ni mwingine, utagundua umechelewa.

Swali ambalo ningelitanguliza kuliko yote ni hili: humo ndani utakuwa mwanafunzi, au mkono wa ziada wodini? Si swali la kejeli, lina historia. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alianzisha shule yake mwaka 1860 ndani ya hospitali ya St Thomas', London, na mfano wa kufundishia hospitalini ukaenea. Ubaya wake ukajitokeza baadaye: katika shule nyingi za aina hiyo, wanafunzi ndio waliobeba kazi za wodi, na masomo yakapewa muda uliobaki. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shule ya uuguzi mwaka 1909. Yale ikafuata mwaka 1923 na shule yenye mkuu wake, Annie Goodrich. Edinburgh ikaanzisha kitengo chake mwaka 1956. Kuingia chuo kikuu kulimpa mwanafunzi muda wa kuuliza kwa nini. Tofauti hiyo huonekana kitandani: utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hospitali ilipokuwa na wauguzi wenye shahada zaidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa chini kwa asilimia 7.

Kwa hiyo mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si afisa udahili, umuulize: wodini anakusimamia nani? Mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi? Mara ya mwisho umefanya nini kwa mikono yako, si kutazama tu? Akijibu kwamba kazi yake hasa ni kutandika vitanda na kupeleka sampuli maabara, umeshapata habari ambayo kipeperushi hakitakupa.

Hakikisha pia shule ina ithibati ya baraza linalosimamia wauguzi, kwa sababu shahada na leseni ni vitu viwili. Chuo hutoa shahada. Ruhusa ya kumgusa mgonjwa hutoka kwa msajili. Marekani mhitimu hufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, na sehemu kubwa ya Kanada inautumia tangu 2015. Umoja wa Ulaya unadai angalau miaka mitatu na saa 4,600 za mafunzo, nusu yake au zaidi zikiwa za vitendo. Mwenye ndoto ya kufanya kazi nje aulize mapema kama saa zake zitaandikwa kwa namna inayoweza kuthibitishwa huko.

Vyeti, picha, hati ya polisi, bima: toa nakala, weka kwenye faili moja, maliza.

Kisha rudi kwenye hesabu. Si ngumu, ila hazisamehe. Dripu ya mililita 1,000 iingie kwa saa 8, mpira unatoa matone 20 kwa kila mililita: zidisha 1,000 kwa 20, gawa kwa dakika 480, unapata takriban matone 42 kwa dakika. Baadhi ya shule hudai upate zote kwenye mtihani huu, na sioni kosa lao. Asilimia 90 maana yake mgonjwa mmoja kati ya kumi kapewa dozi isiyo yake. Fanya mazoezi bila kikokotoo mpaka uchoke.

Sasa nenda dukani. Viatu viwe vya kufunika vidole, visivyoteleza, na uvivae nyumbani kwanza, maana zamu ya saa 12 hulipiza kisasi kwa kiatu kipya. Saa iwe ya kubana kifuani, kwa kuwa ya mkononi huzuia kunawa vizuri, na iwe na mshale wa sekunde. Utashika kifundo cha mkono wa mgonjwa, uhesabu mapigo. Ukimaliza usiuachie. Endelea kuushika vilevile, macho yahamie kifuani pake, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Akijua unahesabu pumzi zake, atazibadilisha.